Gari Lililozima Kamukuywa

Nafula mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua hutarudi mapema, maana kwaya yenu haiwezi kuagana kwa wimbo mmoja. Baba yako yuko nyuma ya nyumba anapigilia misumari sanduku lako la vifaa, ati zile bawaba ulizonunua hazitafika hata Kiminini, sembuse Bungoma. Mimi nimekaa hapa mezani, nimesukuma vikombe kando na kuchukua kalamu, kwa sababu unanijua. Nikianza kukuambia mambo haya uso kwa uso nitaishia kukuuliza kama umekula.

Habari za kodi ya nyumba, chandarua, joto la Bungoma na watu wa kujihadhari nao, Baba yako ameshakuambia zote, nyingine mara mbili. Hizo sizirudii. Nataka kukuandikia jinsi nilivyokuona. Mtu anaweza kufanya kazi na mwanawe uwanja mmoja, mikono yao ikipishana chini ya boneti moja kila siku, na asimwambie hata mara moja kile anachokiona.

Wacha nianzie mahali ambapo hukuwepo.

Nilipoolewa nikatoka kwetu Mabanga kuja Kitale, sikujua hata boneti hufunguliwa upande gani. Kwetu tulijua mahindi na miwa. Baba yako alikuwa amepanga chumba mtaa wa Tuwan, chenye kibaraza kidogo mbele, na pale kibarazani nikaanza kuchaji betri za watu. Siku hizo nyumba nyingi hazikuwa na stima, na watu walitazama televisheni kwa betri ya gari. Walizileta kwa mkokoteni kutoka Kipsongo na kwingineko, nami nikazipanga ukutani kama kuku kwenye kiota. Nilijifunza betri kwa pua kwanza. Iliyochemka kupita kiasi ina harufu yake. Hata leo nikipita karibu na gari lenye betri ya namna hiyo najua kabla sijaambiwa.

Kisha siku moja mtu akaja, akasimamisha gari lake mbele ya kibaraza, akaniambia, "Mama, si wewe unajua mambo ya betri? Hebu niangalilie taa, zimekataa."

Nikaangalia. Waya ulikuwa umechomoka tu. Nikaurudisha, taa zikawaka, na yule mwanamume mzima akacheka kama mtoto. Nafula, furaha ile ya kitu kilichokuwa kimekufa kuwaka mbele ya macho yangu sijaizoea mpaka leo. Ndiyo iliyoniingiza katika kazi hii, wala sikuwa na mpango mwingine.

Marehemu Mzee Njoroge, fundi wa umeme wa magari aliyekuwa na uwanja karibu na soko, ndiye aliyenipa pembe ya kufanyia kazi na kunifundisha. Chombo chake kilikuwa kimoja, taa ndogo ya kupimia yenye ncha kama sindano. Unachoma waya, taa ikiwaka umeme upo, isipowaka haupo. "Taa haidanganyi," alizoea kuniambia, na kwa magari ya wakati wake ilikuwa kweli. Nililelewa na taa hiyo. Ilinilipia karo yako.

Lakini magari yakabadilika. Yakaanza kuja haya madogo ya siku hizi, yenye nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea na visanduku vya kompyuta kila pembe, kimoja cha breki, kimoja cha usukani, kimoja cha milango, vyote vikizungumza. Mimi nikaendelea na taa yangu ya sindano kama kwamba hakuna kilichobadilika.

Unajua kwamba sikio langu la kushoto liliharibiwa na mfuko wa hewa wa usukani, ule unaofura ghafla gari likigonga kitu. Sijawahi kukusimulia ilivyokuwa. Ulikuwa bado bwenini shuleni. Lilikuwa gari dogo jeupe, honi imekataa. Niliinama karibu na usukani, nikafungua kifuniko chake cha chini, nikaona nyaya za manjano. Leo hata ukiniamsha usingizini nitakuambia kwamba manjano ni ya mfuko wa hewa na haiguswi kwa taa, kwa sababu umeme unaopita kwenye ile taa unatosha kuufyatua. Siku hiyo sikujua. Nikachoma sindano.

Sikusikia kishindo. Watu waliniambia baadaye kwamba kilisikika mpaka barabarani. Mimi niliona tu weupe, kama mtu amenimwagia unga usoni, halafu nikajikuta nimekaa chini nje ya gari, na watu wamenizunguka, midomo yao inachezacheza bila sauti. Uso ulipona. Sikio la kulia lilirudi polepole. La kushoto halikurudi.

Baada ya hapo niliogopa, mwanangu. Sikumwambia mtu. Kila gari dogo jipya lilipoingia uwanjani nilimwambia mwenye gari, "Hii peleka Eldoret, mimi sina mashine yake." Malori nilitengeneza, matrekta nilitengeneza, lakini vigari vile nilivifukuza, na kila mwaka vilizidi kujaa barabarani. Nilikuwa nimebaki fundi wa magari yanayokwisha.

Ukamaliza Kidato cha Nne ukaja kunisaidia, huku ukisubiri matokeo. Mama mmoja akaingia na kigari chake kidogo, taa ya nyuma haiwaki, kitu kidogo kabisa. Nikamwambia aende Eldoret. Alipoondoka ukaniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, unaogopa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikakuambia ndiyo.

Ukasema, "Basi tujifunze pamoja."

Ulipoanza chuo cha ufundi, kila ulipokuja nyumbani ulichukua kijiti ukanichorea chini kwenye vumbi jinsi visanduku vile vinavyozungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa. Nikikosea ulifuta kwa mguu ukaanza upya. Hukuwahi kunichekea. Hukuwahi kuniambia "si nilikuambia". Nilikuwa mwanafunzi mgumu, nabishana, naringa na uzoefu wangu, nawe ulingoja nimalize kubishana, kisha ukanipa mita ya kupimia umeme mkononi na kusema, "Basi pima." Sijui ulijifunzia wapi uvumilivu huo. Kwangu haukutoka.

Ukawa pia sikio langu. Rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ikiruka hutoa mlio mdogo kama mtu anayebofya kalamu, na mlio huo mimi siupati tena. Nikikaa ndani nabonyeza swichi, naita, "Nafula, imeruka?" Nawe chini ya boneti unajibu, "Imeruka, Mama." Tumefanya kazi hivyo mpaka wateja wakazoea.

Sasa nifike kwa gari la Sista Chebet. Wewe ulikuwepo, lakini nadhani uliiona siku ile kwa macho yako, na mimi nina yangu.

Sista Chebet tulimjua kama mteja wa kawaida. Ni mkunga, anaishi hapa Kitale na kufanya kazi katika kituo kidogo cha afya ng'ambo ya mto Kamukuywa, basi kila siku anaenda na kurudi kwa kile kigari chake cha kijivu, cha kuwashwa kwa kubonyeza kitufe. Alipotuletea alisema, "Mama Nafula, hii gari inanizimia. Taa zote za dashibodi zinawaka pamoja, usukani unakuwa mzito, halafu inakufa. Nikingoja kidogo inawaka tena, ati haina shida."

Nikamwuliza inazima wapi. Akasema, "Barabarani." Nikaridhika na jibu hilo.

Wewe ulikuwa umeinamia gari lingine. Ukainua kichwa. "Sista, barabarani wapi? Kwa mlima ama kwa tambarare?"

Akafikiri kidogo. "Kwa mlima, nadhani. Hasa ile ya kupanda kutoka mtoni."

Niliyasikia maneno hayo kwa sikio langu zima na bado hayakuniingia.

Betri ilikuwa imechoka kweli, nikaibadilisha, akaenda. Gari likazima tena, akarudi. Nikafungua alternata, ile inayochaji betri, nikakuta brashi zake zimekwisha, nikaweka mpya, nikafurahi, maana nilikuwa nimepata kosa la kushika mkononi. Lakini ulipounganisha mashine ya kusoma kompyuta, ikatoa malalamiko mengi. Breki ilisema haikupata umeme wa kutosha, usukani ulisema hivyohivyo, na milango pia. Nikasema hayo ni ya zamani, ya wakati brashi zilikuwa mbovu. Tuyafute.

Ukasema, "Mama, hawa wote hawawezi kuugua siku moja. Kuna sahani wanakula pamoja."

"Sahani yenyewe ilikuwa alternata," nikakujibu. "Si unaona? Nimewasha taa, feni, redio, kila kitu, na inanguruma hapa bila kutikisika."

"Hapa ni tambarare. Wacha niipeleke mlimani kwanza."

Sista alikuwa amesimama pale na mkoba begani, anachelewa zamu. Nikampa funguo mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Iko sawa, Sista. Nenda."

Siku chache zilipita kimya. Nikaanza kufikiri nimeshinda.

Kisha asubuhi moja pikapu ikaingia uwanjani ikivuta kile kigari cha kijivu kwa kamba. Dereva alikuwa Bwana Simiyu, ambaye hatukumjua bado, mwenye gereji mjini Bungoma, aliyekuwa akija Kitale kutafuta vipuri. Sista akashuka upande wa pili. Alikuwa amevaa sare ileile, imekunjamana, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Nikaona kiti cha nyuma cha gari lake kimeoshwa na bado hakijatakata.

Akatusimulia akiwa amesimama. Mchana wa jana yake mama mmoja alikuwa katika uchungu pale kituoni, mtoto ametanguliza miguu, na ambulansi ilikuwa imeitwa kwingine. Sista akaamua kumkimbiza hospitali ya Kitale kwa gari lake. Wakavuka mto, wakaanza kupanda. Katikati ya mlima taa zote za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mzito, na gari likafa.

"Nikabonyeza, nikabonyeza," alisema. "Halafu nikaona sina wakati wa kubonyeza."

Alimzalisha mama yule palepale kwenye kiti cha nyuma. Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni waliweka vikapu chini, wakavua leso zao wakazishika kuzunguka gari ili wapita njia wasione. Mtoto alitoka amelegea, hana sauti. Sista akampulizia pumzi na kumsugua mgongo, na baada ya muda ambao alisema hataki kuukumbuka, mtoto akalia. Mtoto wa kike. Mama alikuwa anavuja damu, na ndipo Bwana Simiyu akatokea na pikapu yake, akawabeba mpaka hospitali, na asubuhi hiyo akarudi kulichukua gari.

"Wote wawili wazima?" ukauliza.

"Wazima. Wamemwita Nangila."

Sisi Wabukusu jina hilo halihitaji maelezo. Aliyezaliwa njiani huitwa nini kingine?

Nilishika mlango wa pikapu. Nilikuwa nikiona lile lililokaribia kutokea, jinsi lingekuja kukaa uwanjani kwangu na lisitoke tena. Nikasema, "Sista, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema iko sawa."

Akanitazama, hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mtoto ananyonya, mama yake anakunywa uji. Tengenezeni gari."

Akatoa funguo mfukoni. Mimi nikanyoosha mkono, kwa mazoea, kama nilivyonyoosha miaka yote. Mkono wake ukapita wangu, ukaenda kwako. Akaziweka kiganjani mwako, akavifunga vidole vyako juu yake.

Nafula, nitakuambia ukweli wa jambo hilo. Liliniuma. Liliniuma kama kuchomwa na nati iliyotoka kwenye moto. Na kabla maumivu hayajaisha, kikaja kitu kingine nyuma yake, kikubwa zaidi, kikajaa kifuani mpaka nikataka kucheka mbele ya watu siku ambayo haikuwa ya kucheka. Nilikuwa nimekuzaa, nimekulisha, nimekukemea, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye maisha ya watu mikononi mwake, akitazama wanawake wawili wenye ovaroli na kuchagua kukupa wewe.

Nawe hukuangalia chini, wala hukuringa. Ukasema, "Mama, ingia ndani. Nitahitaji mguu wako."

Nakumbuka kila ulichofanya. Kwanza uliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, ukayapiga teke kuhakikisha. Ukaunga nyaya ndefu kwenye mita ili usimame ubavuni mwa gari, si mbele yake, kwa sababu ulijua utaniomba nini. Mguu mmoja wa mita ukaushikisha kwenye chuma cha injini, mwingine kwenye ncha ya betri ya upande wa hasi. Ukaniambia niwashe injini, taa kubwa, feni, kila kitu. Mita ikaonyesha karibu sifuri. Bwana Simiyu, aliyekuwa ameahirisha vipuri vyake akasimama kutazama, akasema, "Hapo ni safi, bana. Kompyuta ndiyo imekwenda." Nami moyoni nilikuwa nasema vivyo hivyo.

"Subiri," ukasema. "Mama, kanyaga breki kwa nguvu zako zote. Weka gia. Sasa ongeza mafuta kidogo, kidogo tu."

Nikafanya. Injini ikataka kwenda na ikazuiwa, ikaegemea upande mmoja kwenye vishikio vyake kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Taa zikafifia. Dashibodi ikawaka yote.

"Mama, achilia! Achilia!"

Nikaachilia. Ulikuwa umeinua mita juu kwa mikono miwili ili niione kupitia kioo. Nambari ilikuwa imepanda kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya volti moja. Kila mtu aliyewahi kupima umeme wa gari anajua maana yake. Umeme ulikuwa unakosa njia ya kurudi.

Ulizima gari, ukaingiza mkono chini na kuutoa waya wa athi, ule mnene unaounganisha injini na bodi ya gari. Kwa nje ulikuwa mzuri kabisa, koti lake jeusi halina mkwaruzo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeupitia mara mbili kwa macho. Ukachana koti kwa kisu. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, na nyuzi chache zilizobaki zimeshikana kama wagonjwa wanaosaidiana kutembea. Gari likiwa tambarare zilitosha. Likipanda mlima injini iliegemea, waya ukavutwa, nyuzi zikaachana, na visanduku vyote vikakosa umeme kwa pamoja. Gari likisimama, zilikutana tena. Ndiyo maana kila mara liliwaka na kutudanganya.

Tulikata waya mpya, tukakwangua chuma mpaka kikang'aa, tukakaza. Nilishika spana upande wangu nawe ukashika upande wako.

Halafu hukusema iko sawa. Ulisema, "Sista, panda. Twende Kamukuywa."

Mimi nilikaa nyuma, kwenye kile kiti. Tulishuka hadi mtoni, ukageuza, ukaanza kupanda na taa zimewashwa na feni inavuma. Katikati ya mlima, mahali ambapo Sista alinyoosha kidole, ukasimamisha gari makusudi. Ukalizima. Ukaliwasha. Ukaondoka taratibu. Kisha ukashuka mpaka chini tena, ukarudia, na ukarudia. Mara ya mwisho Sista akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho, na tulipofika juu alikuwa amelala. Uliendesha pole pole mpaka Kitale ili usimwamshe.

Hiyo ndiyo picha yako nitakayobaki nayo hapa nyumbani. Shingo yako kutoka nyuma, mafuta meusi kwenye sikio, na mkunga amelala kando yako kwa sababu anaamini gari limepona.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini wewe uliona na mimi sikuona. Mita tunayo moja. Nadhani ni kwa sababu mimi nilitaka gari lipone haraka ili nijue kwamba bado najua. Wewe ulitaka kujua tu. Utakutana na watu Bungoma watakaokutazama mikono, watakaosema ati mwanamke atawezaje, na siku hiyo utasikia hamu ya kubadilisha kitu, chochote, ili waone unafanya kazi. Mimi hamu hiyo ilinishinda mara nyingi. Sikuambii itakupita. Ninachojua ni kwamba siku ile uliniacha niseme yote, Bwana Simiyu akasema yake, na bado ulisema "subiri".

Bwana Simiyu hakusahau. Ulikuwepo aliporudi na kuniuliza, kwa adabu lakini akikutazama wewe, "Mama Nafula, huyu fundi nitampata aje? Nina uwanja umejaa hizi gari ndogo na sina mtu wa umeme." Mimi nikajifanya natafuta spana. Ukamjibu kwamba utafikiri.

Usiku huo tukila ukaniuliza kitu kimoja tu. Hukuuliza mshahara wala nyumba. Ukauliza, "Mama, nikienda, rilei utasikia na nani?"

Baba yako akaacha kutafuna. Nikaona kwamba jibu langu ndilo litakalokufungulia mlango au kuufunga, na kwamba nikisema tu "ah, tutaona", utabaki. Ungebaki, tena kwa moyo mmoja, na usingenilaumu kamwe. Basi nikakuambia ninachokuandikia tena hapa. Nitaweka kidole. Rilei ikiruka, inagonga kidole. Nimejaribu mara nyingi ukiwa hujaja, na inafanya kazi. Ni taratibu zaidi, lakini inafanya kazi.

Ulicheka, halafu ukaenda jikoni ukakaa huko muda mrefu ukiosha sufuria safi.

Kwa hiyo nenda, mama. Nenda ukiwa mwepesi. Mabanga ni karibu na hapo utakapokuwa, na dada zangu watataka kukuona kila Jumapili. Wavumilie, nao watakuvumilia. Hawajawahi kuelewa kazi yangu, lakini nimesikia wameshaanza kuwaambia majirani kwamba kuna fundi wa kompyuta za magari anakuja mjini, na ni wa kwao.

Naona Baba yako amemaliza sanduku. Analijaribu kwa kulikalia. Nimalize kabla hujaingia.

Kuna lile gari jekundu lililoletwa Jumatano ulipokuwa ukifunga mizigo. Dirisha la dereva likishushwa, taa ya breki ya upande wa kulia inazima. Likipandishwa, inawaka. Nimepima fyuzi, nimepima balbu, nimefuata waya mpaka nguzo ya mlango, na sijapata. Mwenyewe alikuja jana akitaka jibu. Zamani ningebadilisha kitu ili aondoke. Nimemwambia, "Bado sijui. Niachie mpaka Jumanne. Nina fundi wangu Bungoma, nitampigia nimuulize."

Akauliza, "Huyo fundi anajua kweli?"

Nikamwambia, "Anajua kunishinda mimi."

Basi Jumanne, ukishapata mahali pa kuweka vifaa vyako, weka simu karibu.

Mama yako